Moyo au Mfuko? Somo la Kuchagua Kozi Baada ya Kidato cha Nne

Kwa wanafunzi, wazazi na walezi wa Githongo na sehemu jirani

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, swali moja huingia katika nyumba nyingi za Githongo, Katheri na Kariene: mtoto asomee nini? Mwanafunzi anataja kitu anachokipenda. Mzazi anauliza kama kitu hicho kina mshahara. Mjomba aliye Nairobi anapiga simu na ushauri wake. Wiki zinakwenda, na mara nyingi fomu hujazwa siku ya mwisho, kwenye saiba, kwa haraka.

Uamuzi huu si mdogo. Kuna nyumba zinazolipa karo kwa bonasi ya majani chai, nyingine huuza ng'ombe wa maziwa, na nyingine hukodisha kipande cha shamba. Kozi ikikosewa, kijana hupoteza miaka na nyumba hupoteza mali. Ndiyo sababu tumeandaa somo hili.

Baada ya kulisoma, wewe na jamaa yako mtaweza:

1. Kutofautisha jina la kozi na kazi halisi ya kila siku.
2. Kupiga hesabu ya gharama na mapato kabla ya kujaza fomu.
3. Kukagua kama kozi inatambuliwa na chama au bodi inayosimamia kazi hiyo.
4. Kuzungumza nyumbani bila ugomvi.

Methali mbili, ukweli mmoja

Wahenga walisema kipenda roho hula nyama mbichi. Mtu akipenda jambo, huvumilia ugumu wake. Wahenga hao hao walisema mkono mtupu haulambwi. Asiye na kitu hathaminiwi, hata akiwa na moyo mzuri namna gani.

Vijana hushika methali ya kwanza na wazazi hushika ya pili, kisha kila upande ukadhani mwingine umekosea. Ukweli ni kwamba zote mbili zinahitajika, ila hazijibu swali moja. Mapenzi hukuambia ni kazi gani utaivumilia kwa miaka thelathini. Mshahara hukuambia kama utaweza kula na kulipa deni wakati ukivumilia. Hakuna mmoja kati ya hayo anayetosha peke yake kuchagua kozi.

Kozi si kazi

Kosa la kwanza ni kuchagua kwa jina. "Nataka kuwa wakili." "Nataka kuwa daktari." Wengi husema hivyo bila kujua mtu huyo anafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni.

Huhitaji kwenda mbali ili kujifunza. Hapa Githongo kuna hospitali, kuna mahakama na kuna kiwanda cha chai. Chukua sehemu hizo tatu kama darasa.

Hospitalini wengi huona daktari na muuguzi tu. Lakini hospitali haiendi bila mtaalamu wa maabara, mfamasia, afisa wa kliniki, mtunza rekodi za wagonjwa, mtaalamu wa lishe, fundi wa mitambo ya hospitali, mhasibu na msimamizi wa vifaa. Baadhi ya kazi hizo husomewa kwa diploma katika vyuo vya KMTC, na KMTC ina tawi mjini Meru. Mwanafunzi anayependa kuhudumia wagonjwa lakini hakupata alama za udaktari bado ana milango mingi ya kuingilia.

Mahakamani kuna hakimu, lakini pia kuna makarani, wakalimani, mawakili, waendesha mashtaka na maafisa wa urekebishaji tabia. Anayetaka uwakili ajue mapema kwamba shahada ya sheria siyo mwisho wa safari. Baada ya miaka minne ya chuo kikuu kuna mafunzo ya Kenya School of Law, mitihani yake, na kipindi cha kufanya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Ada za hatua hizo zinapaswa kuwa katika hesabu ya nyumbani tangu mwanzo. Pia kuna masharti ya alama za KCSE, hasa za lugha, ambayo ni lazima kuyasoma kabla ya kuanza.

Kwenye kiwanda cha chai, mtoto wa mkulima huona mizani na lori. Ndani kuna mafundi wa umeme na mashine, watu wa boila, wakaguzi wa ubora, waonjaji wa chai, wahasibu na wataalamu wa kompyuta. Nje kuna maafisa wa ugani wanaozunguka mashambani. Kijana anayesema hapendi kilimo huenda anapenda mashine zinazokiendesha.

Kazi ya nyumbani: kabla ya kuchagua kozi, ongea na watu wawili wanaofanya kazi hiyo. Usiwaulize tu wanalipwa pesa ngapi. Waulize ni jambo gani la kila siku linalowachosha, na ni lipi linalowafanya warudi kesho yake. Ukiweza kuvumilia linalowachosha, hiyo ni dalili nzuri kuliko kuvutiwa na sare au cheo.

Soko hubadilika

Wazazi wengi hushauri kwa kutazama kazi zilizolipa vizuri enzi zao. Ushauri huo una thamani, lakini soko halisimami mahali pamoja. Tutazame mifano mitatu ya hapa Kenya.

Mfano wa kwanza ni mafuta. Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, Turkana. Vijana wengi wakaanza kuuliza kuhusu uhandisi wa mafuta, na baadhi ya vyuo vikaanza kuufundisha. Shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ilisafirishwa kutoka Mombasa Agosti 2019, lakini bomba la kufika Lamu lililokuwa likizungumziwa lilibaki kwenye mipango kwa miaka mingi. Aliyechagua kozi hiyo kwa sababu ya habari za mwaka mmoja alihitimu soko likiwa bado halijafika. Aliyejenga msingi wa uhandisi mpana zaidi, kama wa mitambo au kemikali, aliweza kuingia viwanda vingine.

Mfano wa pili ni udaktari, kozi ambayo kila mzazi huiamini. Mwaka wa 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Suala moja kubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi, nayo serikali ilikuwa imependekeza Sh70,000. Udaktari bado ni kazi ya heshima na yenye mahitaji makubwa. Funzo ni kwamba hata kozi inayoonekana salama kabisa ina kipindi cha kungoja, na anayeisomea kwa ajili ya mshahara tu huvunjika moyo katika kipindi hicho.

Mfano wa tatu ni ualimu. Walimu wengi waliohitimu wamengoja miaka kabla ya kuajiriwa na TSC. Shule za sekondari msingi zilipoanza mwaka wa 2023, wengi waliingia kama walimu wanagenzi kwa malipo ya Sh20,000 kwa mwezi. Kuna waliovumilia kwa sababu wanapenda darasa. Kuna waliojuta kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Kwa hiyo usiulize tu, "Kozi hii inalipa?" Uliza, "Nikihitimu miaka minne ijayo na nisipate kazi ninayoitarajia, ujuzi huu utanipeleka wapi kwingine?" Kozi yenye milango mitatu ni salama kuliko yenye mlango mmoja, hata kama huo mmoja umepambwa kwa dhahabu.

Mapenzi nayo hukua

Kuna vijana wanaohangaika kwa sababu hawajui wanapenda nini. Wasiogope. Watu wengi hawakuzaliwa na wito mmoja. Waliupata njiani, baada ya kushika ujuzi fulani kwa makini.

Profesa Wangari Maathai wa Nyeri ni mfano mzuri. Mwaka wa 1960 alikwenda Marekani kwa ufadhili, akasomea biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, akahitimu mwaka wa 1964. Aliporudi Kenya mwaka wa 1966, kazi ya utafiti aliyokuwa ameahidiwa katika chuo kikuu jijini Nairobi alikuta amepewa mtu mwingine. Akapata nafasi katika idara ya anatomia ya mifugo, akaendelea hadi akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho.

Ni akiwa mashambani akichunguza kupe wa ng'ombe ndipo alipoona mito imejaa udongo na mifugo imekonda kwa kukosa malisho. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakusomea kupanda miti. Alisomea sayansi, akaifanya vizuri, na sayansi hiyo ikamwonyesha jambo la kulipenda kwa maisha yake yote.

Kwa hiyo kama hujui unachokipenda, chagua kitu unachokiweza na ambacho hukichukii. Somo unalolielewa bila kusukumwa, kazi unayoifanya bila kutazama saa, hapo ndipo pa kuanzia.

Hesabu ya nyumbani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ketini na kalamu. Andikeni gharama zote za kozi: karo, malazi, chakula, nauli, vitabu au vifaa, ada za mitihani ya bodi, na miezi ya kungoja kazi baada ya kuhitimu. Zidisheni kwa miaka yote, si mwaka mmoja.

Sasa andikeni upande wa mapato. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mhitimu hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Tuchukue mfano. Mhitimu ana deni la Sh200,000 na anataka kulimaliza kwa miaka mitatu. Atalipa takriban Sh5,900 kila mwezi.

Kama mhitimu huyo anapata Sh20,000 kwa mwezi, hesabu itakuwa hivi:

- Mapato: Sh20,000
- Mkopo: Sh5,900
- Kodi ya chumba, tuseme: Sh5,000
- Chakula na nauli, tuseme: Sh8,000
- Kinachobaki: Sh1,100

Na hapo makato hayajaguswa. Bima ya afya ni asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5. Hayo mawili pekee ni Sh850. Kinabaki Sh250, kabla ya kutuma chochote nyumbani kwa mama au kumsaidia mdogo wake.

Hatusemi mtu asisomee kazi ya kuanzia na mshahara mdogo. Tunasema ajue. Anayejua mapema anaweza kusoma akitokea nyumbani ili kuokoa kodi, akachukua mkopo mdogo zaidi, au akajifunza ujuzi wa pili wa kumsaidia katika miaka ya mwanzo.

Kwa upande huo, eneo letu lina bahati. Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia kiko Nchiru, Chuo Kikuu cha Kimethodisti kiko Kaaga, na Meru National Polytechnic iko mjini Meru. Chuka na Embu nazo zina vyuo vikuu vya umma. Kozi ile ile inaweza kugharimu kidogo sana kama hulipi kodi ya chumba Nairobi.

Ngazi ina vidato vingi

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Hiyo ni takriban robo ya waliofanya mtihani. Maana yake ni kwamba robo tatu hupita njia nyingine, na si aibu.

Kwa kawaida, diploma huhitaji C- na cheti cha ufundi huhitaji D. Walio chini ya hapo wana kozi za ufundi wa awali. Anayeanza na cheti anaweza kupanda hadi diploma, kisha shahada, akiwa tayari anajua kazi kwa mikono yake. Vyuo vya ufundi stadi vya vijijini, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti, ni kidato cha kwanza cha ngazi hiyo. Fundi wa umeme, wa mabomba au wa magari anaweza kuanza kupata pesa mwenzake akiwa bado mwaka wa pili chuoni.

Kagua mambo haya kabla ya kujaza fomu ya KUCCPS

1. *Alama za kozi.* Usitazame alama ya jumla pekee. Kila kozi ina masomo yake maalumu. Tazama pia alama za waliochukuliwa miaka iliyopita, zinazoonyeshwa kwenye tovuti ya KUCCPS.

2. *Kutambuliwa.* Kozi za uhandisi hukaguliwa na Engineers Board of Kenya, za uuguzi na Nursing Council of Kenya, za famasia na Pharmacy and Poisons Board. Vyuo vya kiufundi husajiliwa na TVETA. Wapo wahitimu waliomaliza miaka mitano ndipo wakagundua bodi haiitambui kozi yao. Kagua mwenyewe, usitegemee tangazo la chuo.

3. *Mpangilio wa chaguo.* Weka juu kozi unayoitaka kweli na unayoifikia. Chini weka zile ambazo uko tayari kuzisoma ukiitwa. Usijaze kozi usiyoitaka ili kujaza nafasi tu, kwa maana unaweza kuitwa huko.

4. *Milango ya nje.* Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya Julai 2021, na na Ujerumani kuhusu wafanyakazi Septemba 2024. Kama ndoto yako iko huko, lugha na cheti kinachotambulika ni sehemu ya kozi. Usimlipe wakala yeyote kabla ya kuthibitisha amesajiliwa na serikali.

5. *Nani anayejaza.* Jaza mwenyewe. Mhudumu wa saiba akusaidie na kompyuta, asikuchagulie maisha. Weka nywila yako siri.

Namna ya kuzungumza nyumbani

Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu mtoto huja na neno moja na mzazi hujibu kwa neno moja. Mtoto akija na karatasi, mazungumzo hubadilika. Kwa mfano:

— Baba, mama, naomba mnipe nusu saa. Nimeandika kozi tatu, karo ya kila moja, na kazi zake.

— Haya mwanangu, tusomee. Na ule muziki wako, umeuandika?

— Nimeuandika, mama. Ila nimeona mafundi wa elektroniki ndio wanaotengeneza na kuendesha vyombo vya sauti. Nikisomea diploma ya umeme na elektroniki, nitaendelea na muziki kanisani na nitakuwa na kazi ya mkono.

— Hiyo nimeielewa. Ni miaka mingapi, na tutaanza kulipa lini?

Mzazi hapo hakukataa, wala mtoto hakutii kwa kinyongo. Wazazi, mkumbuke kwamba anayesoma asichokitaka kwa ajili yenu huenda akaacha mwaka wa pili, na karo iliyolipwa hairudi. Vijana, mkumbuke kwamba swali la mshahara si dharau. Ni swali la mtu ambaye amewahi kulala akiwaza karo.

Wenye watoto wadogo

Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakigawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Uchaguzi sasa huanza mtoto akiwa bado Gredi ya 9. Kwa hiyo tembeleeni kazi mbalimbali naye mapema, na msimsukume mkondo kwa sababu wa jirani ameuchukua.

Zoezi la jamaa nzima

Jumapili moja jioni, chukueni karatasi. Kwa kila kozi kati ya tatu, mwanafunzi ajibu maswali haya mbele ya wazazi:

- Kazi yake ya kila siku ni ipi, na nimeongea na nani anayeifanya?
- Alama zangu zinaifikia?
- Bodi husika inaitambua?
- Gharama yote hadi kuhitimu ni kiasi gani, na itatoka wapi?
- Mshahara wa kuanzia ni upi, na nikikosa kazi hiyo nitafanya nini kingine?
- Nikilipwa kidogo miaka mitatu ya kwanza, nitaivumilia?

Kozi yenye majibu sita ya wazi ijazwe juu. Yenye majibu matatu tu ingoje hadi mjue zaidi. Isiyo na jibu la swali la mwisho iachwe, hata ikiwa na mshahara mkubwa.

Kwa msaada zaidi, mwone mwalimu wa ushauri wa shule yako, ulizia HELB katika Huduma Centre mjini Meru, na fika afisi ya wadi yako kuuliza tarehe za maombi ya basari ya kaunti. Basari ya NG-CDF huombwa katika afisi ya eneobunge. Beba nakala za matokeo, kitambulisho cha mzazi na barua ya kujiunga na chuo. Fika mapema, kabla ya siku ya mwisho.